Mstari Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mstari ule ulikuwa mwembamba, na haukuwa na akili.

Dira aliukodolea macho kwenye kompyuta. Alikuwa mchora ramani, na wenzake ofisini walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kupotea. Mwezi wa nane sasa alikuwa akiifufua barabara ya kale iliyopita milima ya kwao. Ndege ilikuwa imepiga picha kwa miale inayopenya majani, kompyuta ikauvua msitu kama shati, ardhi ikabaki uchi. Barabara ilionekana waziwazi: pana, ikifuata miteremko ya pole. Watu wa kale walibeba mizigo, na hawakuwa wajinga.

Huu mwingine ulipanda ukingo mkali bila sababu. Ulianzia nyuma ya nyumba ya mama yake, ukafia kichakani. Mita mia tatu tu.

"Huyo ni mtu mmoja," alisema mkuu wake, akiinama kutazama. "Kila siku, miaka mingi. Na anapita asipoonekana na wapita njia. Mwisho kuna nini?"

"Kishimo. Mita mbili kwa moja."

Mkuu alijinyoosha, akarudi mezani kwake polepole.

Baba yake Dira alishika njia miaka ishirini na mitano iliyopita. Ndivyo mama alivyosema siku zote: kapata mwanamke mwingine, kaenda zake, hata kwaheri hakuaga. Watu walimcheka mama mpaka wakachoka wenyewe. Dira alikuwa na miaka mitano, na alichobaki nacho ni jioni moja: alimwandalia baba chai peke yake kwa mara ya kwanza, akachota sukari mwenyewe, vijiko vinne vizima, baba akainywa yote huku akimsifu. Kulipokucha baba hayupo. Utotoni aliamini ni chai ile mbaya iliyomfukuza. Akakua, akasomea njia, na moyoni alijua anamtafuta nani.

Sasa mengine yakamjia. Mama aliyetoka kuokota kuni kila alfajiri, ilhali nyumba inapikia gesi mwaka wa tisa huu. Mama aliyekataa katakata kuhamia mjini. Mama asiyemruhusu kugusa kitu jikoni hadi leo, mtu mzima wa miaka thelathini.

Jumamosi asubuhi aliufuata mstari kwa miguu. Kule mwisho, kishimo kilikuwa kimefagiliwa, hakina hata jani. Mama alikuwa ameketi kando, ufagio mapajani.

"Shikamoo, mama." Ilimtoka kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Umefikaje huku?"

"Njia ya mwongo fupi, mama. Nimeipima." Alikinyooshea kidole kile kishimo. "Baba hakwenda popote. Ulimuua wewe, ukaniacha nimchukie miaka yote hii!"

"Haya, nilimuua mimi," alisema mama. "Waite polisi. Niko tayari."

Alilisema upesi mno, kama mtu aliyelikariri siku nyingi.

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Basi kwa nini? Leo sitoki hapa, mama. Utaniambia."

Mama aliukunjua mkono wa binti yake, akakitazama kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Ulikuwa na furaha sana jioni ile," alisema. "Ulinikimbilia na kopo mkononi, unacheka, unaniambia baba kamaliza chai yote. Mwanangu, sukari ilikuwa imekwisha tangu juzi yake. Kopo ulilolishika lilikuwa la dawa ya panya."