Joto Limepita Kipimo

Ujumbe wa kumi na moja ulimkuta Modeste juu ya mchikichi, panga mkononi, kamba kiunoni. Simu ilitetemeka mfukoni. Alijua ni nini kabla ya kuisoma, akaisoma vilevile: CHUMBA CHA BARAFU. JOTO LIMEPITA KIPIMO.

Akashuka bila kukata hata mkungu mmoja. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kupanda miti.

Kutoka Kizuka hadi kiwanda cha barafu cha Rumonge, ukihesabu na kusubiri pikipiki, ni saa nzima. Mara kumi alikwenda roho juu, na mara kumi alikuta chumba kimefungwa, barafu imekaa kimya mahali pake, baridi kama inavyotakiwa. Alishabadilisha betri, waya, kadi ya simu, hata ile ncha ya chuma inayopima joto, ndogo kama kidole, inayoning'inia karibu na mlango. Ujumbe uliendelea kuja, mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi, wakati wapakiaji wameshapeleka barafu kwa wavuvi na kiwanda kimebaki kitupu.

Kifaa kile ndicho kilichokuwa kazi yake kubwa ya kwanza ya ufundi. Chumba kikipata joto, kinatuma ujumbe kwenye simu mbili: ya Modeste mwenyewe, na ya Khalifa, mwenye kiwanda, anayefanya kazi Muscat. Wenye samaki wa Gitaza na Muhuta walikuwa wanangoja kuona kama kinaaminika, ndipo waagize vyao. Kikiondolewa hapa, jina la Modeste limekwisha ufukwe mzima.

Lililomuuma zaidi ni sikukuu ya Idi. Khalifa alikuja nyumbani wiki tatu, na wiki tatu kifaa hakikutuma hata neno. Alirudi Muscat Jumapili. Jumanne kikaanza tena.

"Hata mashine inaogopa patroni," wapakiaji walimcheka.

Alicheka nao. Angefanya nini?

Kiwandani alimkuta Mama Thuwaiba, mama mzazi wa Khalifa, ambaye tangu afiwe na mumewe ndiye aliyeshika funguo. Khalifa alikuwa amempigia saa ileile ya ujumbe, na sasa alikuwa amepiga tena, anauliza kama fundi amefika.

"Amahoro, fundi," Mama Thuwaiba alisema, akamnyooshea simu. "Iko anakutaka."

"Modeste, mimi niko kazini na mashine yako inanitoa jasho," Khalifa alisema. "Iko nini safari hii?"

"Labda ni umeme, patroni. Unapanda na kushuka."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sikiliza. Nikipata ujumbe mwingine wa uongo, mmoja tu, ng'oa mashine yako uende nayo. Umesikia?"

"Nimesikia, patroni."

Modeste aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akamrudishia mama simu yake.

"Khalifa, mwanangu..." mama alianza. Kisha akaishusha simu kutoka sikioni, akaitazama. "Amekata."

"Kazi ni nyingi kule, mama."

"Ndiyo. Ni nyingi."

Modeste alikagua kila kitu upya, skrubu kwa skrubu. Hakuna panne wala kasoro. Alitamani aikute, hata kubwa, hata ya kumshinda, mradi iwe na jina la kumwambia Khalifa. Alifunga mlango wa chumba, akakusanya vifaa vyake.

Mama Thuwaiba alikuwa amemwekea chai ya tangawizi juu ya meza.

"Kunywa kwanza. Wewe fundi, mama yako iko?"

"Iko, mama. Tunakaa naye Kizuka, nyumba moja."

"Moja?"

"Moja. Ananichosha na maneno tangu asubuhi."

Mama Thuwaiba alimwongezea kikombe cha pili bila kumuuliza.

"Murakoze, mama," Modeste alisema alipomaliza, akaaga, akatoka hadi getini kusubiri pikipiki. Jua lilikuwa kali. Alihesabu siku alizopoteza kwa kifaa kile, akaona bora angebaki na michikichi yake. Mchikichi haukuiti usipokuwa na haja nawe. Pikipiki ya kwanza ilipita imebeba watu wawili na gunia. Ya pili haikusimama.

Simu ikatetemeka.

CHUMBA CHA BARAFU. JOTO LIMEPITA KIPIMO.

Basi, imekwisha. Halafu ikamjia kwamba mara zote kumi na moja alifika baada ya saa nzima, na leo alikuwa hatua hamsini tu. Kama kifaa kinadanganya, leo atakifumania kikidanganya, na Khalifa atajua ukweli. Alitupa mkoba chini, akakimbia, akaipita meza ya chai, akaupita mlango wa ofisi.

Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa wazi nusu. Mama Thuwaiba alikuwa amesimama pale, mvuke wa baridi umemfunika miguu. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameifumbata ile ncha ya chuma. Kwa mkono wa kushoto alishika simu, anaitazama.

Ikaita.

"Khalifa, mwanangu," akasema, uso wote umemfunguka. "Haujaniambia kama umekula."