Harusi ya Kunde

Sheria ya bondeni ilikuwa fupi: kaya ikichinja bila zamu yake, maji ya mtaa mzima hufungwa mpaka msimu mwingine. Tangu mifugo ipungue, majani yalirudi mlimani, na mto uliokuwa mchanga mtupu ukaanza tena kutiririka. Bi Zamda alikumbuka vizuri kiu ya zamani.

Siku ya harusi ya binti yake Salha, alipika wali wa nazi na kunde. Wakwe kutoka nje ya bonde wakafika wakiswaga dume la ng'ombe.

"Mkwe," alisema Mzee Isuja, baba wa bwana harusi, "ukoo wetu haujawahi kuoa kwa kunde. Huyu anachinjwa hapa."

"Hapa hachinjwi," alijibu Bi Zamda. "Si zamu yetu."

"Unatudhalilisha mbele za watu!"

"Jirani yangu amejifungua juzi. Maji yakifungwa, nimwambie mtoto ataogeshwa kwa heshima ya ukoo wako?" Akampokonya kamba na kumfunga dume nje ya ua. "Anayetaka nyama arudi nayo kwao. Anayetaka mke, anawe mikono, ale."

Mzee Isuja aliondoka na nusu ya wageni. Bwana harusi alibaki, akanawa, akala ameinamisha uso.

Salha akamnong'oneza mama yake, "Mama, kesho ni mimi nitakayelala kwao."

Bi Zamda alichukua upawa. Akamjazia binti yake sahani.

"Basi nenda ukiwa umeshiba," akasema.