Kolekole wa Kona

Bahari ya Kona ilikuwa imechafuka, lakini Nohea alizama kwa pumzi moja hadi kwenye mwamba, akamchoma mshale kolekole mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona.

Samaki akakimbilia pangoni, akimvuta yeye na bunduki ya kuvulia kwa kamba iliyofungwa kwenye mshale. Bega likagonga jiwe. Kifua kikaanza kumbana.

Akaitazama mikono yake. Kidole kimoja kimoja, akaiachia bunduki.

Alipoibuka akihema, mumewe, aliyekuwa akimlinda kutoka juu, alimdaka kiwiko katikati ya mawimbi.

"Samaki yuko wapi?"

"Kaondoka na bunduki."

"Bunduki yangu?"

"Yako, mzee wangu. Yangu iko mashuani."

Mumewe akacheka hadi akameza maji. Kiwiko hakukiachia.