Bado, Mwalimu

Kila muhula mwalimu wa Kiingereza aliugawa ubao katika safu mbili. Kushoto aliweka mambo yaliyokwisha na ambayo siku yake inajulikana. Kulia, yale ambayo bado hayajaisha. Muhula huu pia, kulia aliandika mfano wake uleule: Mume wangu ametoka kwenda kununua betri za redio.

"Amerudi?" aliuliza.

"Bado, mwalimu!" darasa likaitikia kwa kishindo. Walikuwa watu wazima, madereva, wauguzi na mafundi, na wakongwe waliwafundisha wageni jibu hilo kabla hata ya salamu. Wakacheka. Naye akacheka.

Dereva wa teksi aliyeanza wiki hiyo akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Alitoka lini?"

Angeweza kumwambia ni mfano tu, kaka, tuendelee. Alishafungua mdomo. Lakini chaki ilikuwa imelowa jasho vidoleni, akaipangusa kwenye sweta lake, sweta la kiume ambalo mikono yake ilibidi aikunje mara mbili.

"Jumanne," akasema. "Miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi. Alivaa kandambili."

Kalamu zote zikasimama.

Mwalimu akaifuta sentensi ile taratibu, neno kwa neno, akianzia mwisho, mpaka yakabaki mawili tu: mume wangu. Hayo hakuyagusa. Akahamia kushoto, akainua chaki.

"Bado, mwalimu," muuguzi mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anayemshika mkono.