Wagonjwa Wasizidi Mia Tatu

Mkurugenzi alitaka wagonjwa wapungue kabla ya saa ya chai.

"Elfu mbili na mia nne ni wengi mno," alisema, akiisukuma karatasi upande wa pili wa meza. "Waziri akiona hivi si ataanguka?"

Mtaalamu wa hesabu, ambaye ofisi nzima ilimwita Desimali kwa jinsi alivyopenda nukta, alimweleza taratibu. Kipindupindu kimeingia mtaa wa bondeni. Bomba la maji limepasuka kando ya mtaro wa maji machafu. Mmoja anaambukiza wawili, wawili wanaambukiza wanne, na hesabu haijui cheo cha mtu. Bomba lisipofungwa na malori ya maji safi yasipopelekwa, mwezi hautaisha kabla idadi hiyo haijafika.

Hakusema kwamba dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alichota maji kwenye bomba hilohilo. Alikuwa amemwambia achemshe. Dada alichemsha, mkaa ukiwepo.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Kanuni ilisema wagonjwa wakizidi mia tatu, mlipuko unatangazwa. Na mlipuko ukitangazwa, mkutano wa Waziri na wageni wake unavunjika.

"Hicho kinambari chako cha maambukizi," aliuliza kwa upole, "si umekikadiria tu?"

Desimali akakiri kwamba ni kweli alikuwa amekikadiria. Alibisha hadi saa nane mchana. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na mwenye nguvu mpishe. Akakipunguza kinambari, akapunguza tena, mpaka wakatoka wagonjwa mia tatu kamili, bila hata nukta.

Mkurugenzi alifurahi kama aliyepata mjukuu. Akawaita wakuu wa idara zote, akawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo wizara itaongozwa na sayansi, na kila kitakachopelekwa bondeni kitafuata hesabu ya kijana wao.

Ripoti zikaanza kuingia kutoka zahanati ya bondeni, kila asubuhi jumla ya walioandikishwa. Arobaini. Tisini na tano. Mia moja na themanini. Desimali akazichora kwenye grafu. Mstari ulikuwa unapanda kuliko hata alivyohofia mwanzo. Siku ya kumi na moja ikafika mia tatu, naye akaketi roho mkononi akingoja ya kesho.

Kesho yake ilikuwa mia tatu. Keshokutwa, mia tatu. Wiki nzima, mia tatu.

Alitafuta kosa kwenye mahesabu yake, hakuliona. Polepole hofu ikampa kisogo, na kiburi kikavuta kiti. Huenda kweli yeye ndiye aliyekuwa anatia chumvi. Wageni wakaja, mkutano ukafana, malori ya maji safi yakamwagilia maua ya ukumbini. Waziri alimsimamisha jukwaani apigiwe makofi, na mkataba ukaongezwa miaka miwili.

Jioni hiyo alimpigia dada yake simu.

"Ugonjwa umekwisha, dada. Usijitese na kuchemsha, mkaa wenyewe ghali."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Hesabu nimepiga mwenyewe."

Dada alicheka kwa furaha, akasema basi na tuwasikilize waliosoma.

Siku ya nne jirani alipiga simu. Desimali alimkuta dada yake macho yameingia ndani, hata sauti hana. Alimbeba hadi zahanati, akaruka watu waliojilaza barazani, akamlaza kwenye benchi mbele ya muuguzi.

"Mwandike haraka," alimsihi. "Mtundikie dripu."

Muuguzi alimtazama mgonjwa, kisha akamtazama yeye. Alionekana hajalala siku nyingi. Akaligeuza daftari ili asome mwenyewe.

"Nitamwandika wapi, kaka yangu? Wizara ilituletea daftari la mistari mia tatu na dripu mia tatu. Vyote viliisha siku ya kumi na moja," alisema. "Tangu siku hiyo hapa hajaugua mtu."