Tundu la Nyuma ya Spika

Taulo! Tena la kaka yake. Seremala, binti wa mwisho wa nyumba ile, alilivuta kutoka kwenye tundu la nyuma ya spika, tundu alilolikata mwenyewe ili boksi lipumue na besi itoke imeshiba, maana baba yao alikuwa hasikii tena kitu ila besi, ile sauti nzito ya chini inayotetemesha mbao.

Wiki nzima mzee alikuwa akikaa hapo, kiganja juu ya mbao, akitikisa kichwa. "Basi tena, mwanangu. Masikio yamekufa kabisa."

"Makelele yalinichosha," kaka mtu alisema bila haya, macho kwenye simu. "Kwani taulo tu lina nini?"

"Taulo tu? Mzee analilia masikio yake, na wewe umenyamaza kimya?"

"Usinipandishie sauti. Mimi ni mkubwa wako."

Seremala alimtupia kaka yake taulo lake mapajani, akawasha muziki.

Mbao zikatetemeka. Mzee akashtuka, akakikandamiza kiganja kwenye boksi, machozi yakamlengalenga. Kisha akageuka kumtazama mwanawe wa kiume, akaliona taulo mapajani mwake limejaa vumbi la mbao.

"Hilo," aliuliza taratibu, "lilikuwa wapi?"