Mwali wa Swaumu

Bilali alimfungua ng'ombe namba saba mkanda wa shingoni, akamfungua na namba tisa, akawabadilishia. Wa saba akawa tisa, wa tisa akawa saba. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, wakamuaji bado wanaosha ndoo, na ng'ombe wenyewe hata kutafuna hawakuacha.

Miaka kumi na saba alikuwa katika shamba hilo la utafiti wa maziwa, upande wa Mbwawa, na kumi ya mwisho akiwa kiongozi wa walishaji. Hajawahi kudanganya hata kilo moja ya pumba. Leo kadanganya ng'ombe mzima, na hakusikia woga wala haya. Tangu mkewe Swaumu afariki, Bilali hasikii kitu. Moyo umekufa ganzi.

Swaumu alizikwa kwao Kisarawe, na arobaini ilisomwa wiki iliyopita. Watu wakamsifu Bilali kwamba kajikaza kiume. Kajikaza wapi! Machozi yaligoma tu, kama bomba lililokatiwa maji.

Namba saba kwa makaratasi ni mali ya shamba, lakini mama yake ni Swaumu. Alizaliwa masika, ng'ombe aliyemzaa akafia palepale. Swaumu akambeba hadi kwenye nyumba ya wafanyakazi, akamnyonyesha kwa chupa mwezi mzima bila kumtoa nje. Majirani wakacheka: "Jamani, Swaumu kaweka mwali ndani!" Jina likaganda. Mwali. Sasa khanga za marehemu shemeji zake wamegawana, na kilichobaki chenye pumzi kinachomkumbuka Swaumu ni huyo mnyama. Akienda naye, basi tena.

Na Jumatatu Dokta Justa, mtafiti mwenye jaribio, alikuja bandani na daftari lake.

"Shikamoo mzee Bilali. Jaribio limefika mwisho. Waliokula chakula kipya wamebaki wawili, saba na tisa. Mmoja achinjwe, tulipime tumbo. Nimechagua saba."

"Marahaba. Kwa nini saba?"

"Amekula vizuri kuliko wote."

Amekula vizuri kwa sababu Bilali kamlisha kwa mkono wake. Hilo hakulisema. Alijibu, "Sawa, Dokta," akaendelea kupima pumba.

Dokta Justa si mtu mbaya, tusimsingizie. Ila huja mara mbili tu kwa wiki kutoka Dar, na kwake ng'ombe wote ni mabaka meusi na meupe. Hereni za masikioni zilikuwa zikinasa kwenye seng'enge na kuchana masikio, shamba likahamia kwenye mikanda yenye namba. Mkanda ndio jina la ng'ombe. Walishaji peke yao ndio wanaomjua mnyama kwa uso, kwa mwendo, kwa anavyopuliza pua kwenye hori.

Kama kulikuwa na mtu wa kumwogopa, ni Dotto, karani wa ofisi. Dotto ni Msukuma, na kwa Mzaramo kama Bilali huyo ni mtani wa damu. Msibani alilikalia sufuria la ubwabwa, akaapa haondoki mpaka wafiwa wamletee kuku. Watu wakacheka, msiba ukapungua uzito. Bilali alitazama ukuta.

Jana Dotto alikuja na fomu ya kuchinja mkononi, akasimama mbali na kinyesi.

"Mtani, eti huyu saba ndiye yule mwali wa marehemu?"

"Ndiye. Msukuma mzima, ng'ombe humjui mpaka uulize?"

"Aa, mimi ng'ombe wangu wako kwenye karatasi."

Siku nyingine angeongeza tusi la utani. Jana hakuongeza. Alikunja fomu, akaondoka, na Bilali akajisemea: huyu kashtukia ninachopanga, atakwenda kunichoma.

Lakini kulikucha, mikanda ikabadilishwa, na hakuna aliyemwita ofisini. Saa nne lori la kukodi likaja kutoka Kongowe. Bilali alishawatuma walishaji wenzake bondeni kukata majani, maana wao wangemtambua Mwali hata kwa kivuli chake. Wapakiaji walikuwa wageni, walichokuwa nacho ni fomu tu. Yeye mwenyewe akaenda nyuma, kwenye shimo la saileji, yale majani yanayovundikwa kwa ajili ya kiangazi. Yule mwenziwe Mwali hakuwa amemkosea mtu, na Bilali hakutaka kumwona akipanda.

Akasikia kwato kwenye mbao. Akasikia mlango wa lori, kisha injini, kisha kimya.

Ndipo kitu kikamlegea kifuani. Kwanza harufu ya molasi iliyomwagiwa majani yale ikampanda puani, kali, tamu. Zaidi ya siku arobaini hajanusa kitu! Kisha ikaja njaa. Kisha, bila hodi, machozi. Akakaa juu ya turubai, mtu mzima na mvi zake, akalia kwa sauti huku anajifuta kwa kofia. Mwali yuko bandani. Jioni atampelekea pumba, atamwita kwa jina lake, naye atageuza shingo.

Dotto akatokea nyuma ya shimo, anahema, meno yote nje.

"We Mzaramo, acha kulia, hujafiwa tena!" Akachuchumaa karibu yake, akashusha sauti. "Ile fomu nilifuta saba, nikaandika tisa. Dokta kasaini hata hakusoma. Nimesimama getini mpaka nimehakikisha kwa macho yangu haya: wamempakia mwenye mkanda wa tisa."